Siku kisiwa cha Bezi kilipohama kwenye laptopu yangu

Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilijaa kweli kweli, mliokuwa Mwanza mnakumbuka, mialo ilimezwa. Wavuvi wa Kayenze wakaniomba niwachoree ramani ya kuonyesha ufuko wa zamani ulikuwa wapi na maji sasa yamefika wapi, walikuwa wanaenda nayo kwenye kikao. Mi nilikuwa na ramani ya zamani ya 1:50,000, karatasi mbili zilizoskaniwa.

Kitu cha kwanza nikakata pembezoni zote, kichwa, ufunguo, yale maandishi madogo ya chini, ili karatasi zikiungana pasibaki mstari mweupe katikati. Halafu nikaingia QGIS, programu ya ramani, nikawa naweka pointi pale mistari ya gridi inapokatana, kila mraba kilomita moja, naandika namba za mashariki na za kaskazini, pointi kumi na mbili, na kwenye mfumo wa koodineti nikachagua WGS 84 UTM kanda ya 36 kusini, mfumo unaotumiwa na GPS, maana ndo niliouzoea. Makosa ambayo programu inakokotoa kwenye pointi yakaja chini ya pikseli moja. Nikafurahi sana.

Nikaiweka juu ya picha ya setelaiti ya mwaka huohuo, na ufuko wa kwenye ramani ukawa umeingia ziwani kama mita 300. Nikaamini hilo ndo eneo lililoliwa na maji, nikampigia mwenyekiti wao nikamwambia.

Jioni nikamwonyesha mzee mmoja aliyevua miaka mingi pale. Akasogeza uso karibu na skrini, kidole chake kikatembea mpaka Bezi kikasimama upande wa kusini wa kisiwa.

"Mjukuu, hapa ramani yako inasema maji. Mbona mi naegesha mtumbwi kwenye mwamba huu tangu sijaoa?"

Nikamwambia ziwa limepanda babu. Akasema hata mvua za Uhuru lilipanda, tena sana, "lakini ziwa likijaa kisiwa kinapungua, hakihami kwenda Ukerewe."

Nikazumu. Kweli, Bezi nzima imesogea kaskazini, ukubwa uleule, umbo lilelile. Yani yale makosa madogo yalikuwa yanasema tu kwamba namba zangu zinaelewana zenyewe kwa zenyewe, hayakusema kama ziko mahali pake duniani.

Usiku nikatafuta faili la mwanzo kwenye flashi, lile ambalo halijakatwa, nikasoma kona ya chini: Clarke 1880, Arc 1960, yani namba za ramani hii zilipimwa kwa umbo la dunia na kianzio cha zamani, si WGS 84, ndo maana kila kitu kilihama pamoja. Nilikuwa nimekata jibu na kulitupa kabla ya kulisoma. Nikarudia kwenye faili hilo, makutano yaleyale ya gridi na namba zilezile, nikabadilisha mfumo tu kuwa EPSG:21036, yani Arc 1960 ya kanda ileile, af ndo nikaipeleka WGS 84 kwa gdalwarp, programu ya kuhamisha ramani kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Pembezoni nikazikata mwisho kabisa, kwa poligoni, ramani ikiwa imeshakaa.

Bezi ikarudi kwenye mwamba wake. Kwenye mawe ufuko wa zamani na wa sasa karibu ulilaliana, maji yalikuwa yamekula pale kwenye tambarare tu, kwenye mchanga wa mwalo na vijaruba vya mpunga, ukanda mwembamba, ila ndo huohuo watu walikuwa wanaanikia dagaa.

Saa kumi na mbili asubuhi nikampigia mwenyekiti, nikamwambia ile mita 300 aifute, nakuja na ramani nyingine.