Jumapili ng'ambo ya Horohoro

Kikundi cha kanisa Mombasa kikipanga misheni ya Tanzania, mikutano huishia kwenye fulana na nauli ya basi. Ibada ya kijijini hupewa mstari mmoja tu kwenye ratiba: "Kuabudu na wenyeji." Basi hapo ndipo mambo huharibikia, maana tunavuka tukijiambia Tanga ni jirani, lugha moja, Mungu mmoja, kuna nini cha kujiandaa?

Mpaka tuupite upesi. Kutoka Likoni hadi Lunga Lunga, kituo cha mpaka upande wa Kenya, ni kama kilomita 100, na kutoka Horohoro, kituo cha upande wa Tanzania, hadi Tanga mjini kama 65. Mkenya hahitaji viza, ila abebe pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, pamoja na cheti cha homa ya manjano. Chanjo hiyo huanza kuhesabika baada ya siku 10, kwa hivyo anayedungwa Alhamisi kwa safari ya Jumamosi amechelewa. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani. Tanzania iliipiga marufuku mwaka 2019. Mkifika kijijini, mwenyeji awapitishe kwa mtendaji wa kijiji mtie sahihi kitabu cha wageni kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa maneno. Kwa Walutheri wa Usambara, milima ya mkoa wa Tanga, "usharika" ni kanisa lenye mchungaji wake, si Ushirika Mtakatifu. "Mtaa" ni tawi la usharika huo, na mara nyingi anayeuongoza ni mwinjilisti. Mtu wa Kisauni akiambiwa "Jumapili mtakuwa mtaani" atadhani anapelekwa kuhubiri barabarani. Chai huombwa kwa "naomba". "Nipe" na "leta" zetu husikika kama amri. Shikamoo itangulie kwa kila aliyekuzidi umri, hata mpishi.

Makanisa mengi ya vijijini wanaume hukaa upande wao na wanawake wao. Msijipange mstari wa mbele kama wajumbe; tawanyikeni katikati ya watu. Kila mwanamke abebe leso ya ziada (kule utasikia kanga tu), na ikiwa ni Juni au Julai huko Lushoto, sweta. Baridi ya mlimani haimjui mtu wa Mvita.

Utambulisho huua ibada kuliko mvua. Watu 14 wakipewa dakika 3 kila mmoja, dakika 42 zimekwisha na neno halijasomwa. Mmoja awataje wote, wasimame, wapunge mkono, wakae. Mkipewa mahubiri, ulizeni mapema masomo ya Jumapili hiyo, kwa sababu kalenda ya kanisa imeshayapanga. Usije na andiko lako la mfukoni. Na spika zenu msizichomeke bila kuuliza. Inveta ndogo ya sola ya wati 300 ikibebeshwa amplifaya ya wati 500 hujizima, na kwaya iliyofanya mazoezi wiki nzima ndiyo inayobaki bila maikrofoni.

Lakini penye mtihani hasa ni nje, baada ya baraka. Waumini hutoka wakiimba, hupeana mikono katika duara, kisha mnada huanza. Asiyekuwa na pesa taslimu alileta sadaka ya alichonacho: mayai, mkungu wa ndizi, kibaba cha maharage, jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Mzee wa kanisa huinua kitu kimoja kimoja juu na kutaja bei. Yai likianza shilingi 300 za kule, huyu husema 400, yule 500, watu wanacheka, wanataniana, bei inapanda taratibu. Mgeni asiyejua hupiga kelele "elfu hamsini!" kwenye yai la kwanza. Watu hupiga makofi, halafu kimya. Nani ataongeza? Mnada ule si soko: kila sauti inayopandisha bei ni mtu anayeshiriki sadaka, na bibi aliyeleta jogoo anataka kusikia majirani wakimgombania. Wewe umewafunga mdomo wote kwa tamko moja.

Kwa hivyo, subiri sauti tatu au nne zitangulie. Panda kwa hatua wanayopanda wao, 100 au 200. Shindwa mara kadhaa, kwa furaha. Nunua vitu viwili, visizidi. Badilisheni pesa mkiwa na noti za 1,000 na 2,000. Shilingi moja yetu ni kama 20 za kule, ikipanda na kushuka, kwa hivyo ile noti ya 10,000 inayotisha ni kama 500 yetu. Jogoo hai usijaribu kumvusha mpaka bila vibali vya mifugo. Mrudishe mnadani auzwe tena, jambo ambalo wenyeji hulifanya kila siku, au mpe mzee asiyeweza kununua.

Mchango mkubwa, kama wa mabati, upite kwa mtunza hazina wa usharika na stakabadhi iandikwe. Usimtilie mwinjilisti bahasha mfukoni uani, hata akiwa mwaminifu vipi; ni yeye atakayesemwa mkishaondoka. Wala msiahidi kitu kwenye maikrofoni. Ahadi ya furaha huandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, na mwaka ujao itasomwa.

Chakula cha mchana watapika kina mama. Msiwaachie wachinje kuku wao wote: tumeni pesa siku 3 mbele, mkipiga hesabu ya kilo moja ya mchele kwa watu watano, na muwahesabu wenyeji pia, si timu peke yake. Ikiwa ni Ramadhani, kuleni ndani, kwani majirani wengi wamefunga. Mkimaliza, wawili wenu waende jikoni kuosha sufuria. Zina masizi ya kuni, kwa hivyo tieni kwenye mizigo sabuni ya kipande, wenyewe huita mche, na msitumie maji ovyo: yamebebwa kichwani kutoka bondeni.