Nakala Moja Isiyoguswa na Mtandao

Wenye biashara ndogo wengi huamini kwamba wadukuzi hawana haja nao, kwa kuwa hawana fedha nyingi wala siri zinazofaa kuibwa. Imani hiyo ingekuwa na mashiko iwapo kila shambulio lingepangwa na mtu anayemchagua mwathiriwa wake, lakini sehemu kubwa ya programu hasidi haichagui: hutumwa kwa barua pepe kwa maelfu ya anwani kwa mkupuo, au huzunguka yenyewe mtandaoni ikitafuta kompyuta yoyote yenye udhaifu unaojulikana. Kwa njia hiyo ya pili, programu hasidi iitwayo WannaCry ilienea katika nchi zipatazo 150 kuanzia tarehe 12 Mei 2017, ikifunga mafaili na kudai dola 300 za Marekani kwa kila kompyuta, ilhali Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuziba udhaifu huo tangu mwezi Machi.

Hivyo kusasisha ni lazima, na kompyuta ambayo haipokei tena masasisho ya usalama haifai kutunzia hesabu za biashara. Hata hivyo, kusasisha peke yake hakutoshi. Tarehe 27 Juni 2017, programu hasidi nyingine, NotPetya, iliingia katika kampuni nyingi kupitia masasisho ya M.E.Doc, programu halali ya uhasibu iliyotumika sana nchini Ukraini, kiasi kwamba waliosasisha kwa nia njema ndio waliofungua mlango. Kampuni ya meli ya Maersk ilipoteza karibu mfumo wake wote wa kompyuta. Seva, yaani kompyuta kuu, zilizotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao, ambazo zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, ziliharibiwa zote isipokuwa moja iliyokuwa Ghana, iliyosalimika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na seva hiyo haikuwa mtandaoni. Kilichoiokoa kampuni hiyo kubwa kwa bahati, yaani nakala iliyokuwa nje ya mtandao, mwenye biashara ndogo anaweza kujipatia kwa makusudi, kwa gharama ya diski mbili za nje.

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie nami. Diski inayoachwa imechomekwa kwenye kompyuta usiku na mchana haimlindi mtu, kwani programu inayofunga mafaili huifikia diski hiyo kama inavyofikia folda nyingine yoyote. Hifadhi ya wingu, yaani huduma ya kutunza mafaili mtandaoni, inayojilinganisha papo hapo na kompyuta nayo ina kasoro hiyohiyo: faili likiharibiwa kwenye kompyuta, nakala iliyoharibika hupandishwa juu mara moja, na tegemeo pekee ni matoleo ya awali, ambayo huduma nyingi huyatunza kwa muda maalumu tu. Napendelea utaratibu wa diski mbili zinazopokezana, ambapo moja huchomekwa wakati wa kunakili tu na kuchomolewa kazi inapokwisha, huku nyingine ikikaa mahali tofauti kabisa na ofisi. Kisha nakala ijaribiwe: fungua daftari la mauzo kutoka kwenye diski kwa kutumia kompyuta nyingine, uangalie kama maingizo ya mwisho yamo na kama jumla zinalingana. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa siihesabu kuwa nakala.

Kuhusu barua pepe, jambo moja dogo husaidia sana. Kwa kawaida Windows huficha herufi za mwisho za jina la faili, kwa hiyo kiambatisho kiitwacho «ankara.pdf.exe» huonekana kama «ankara.pdf», na anayekifungua huwa anaendesha programu. Washa mpangilio wa kuonyesha majina kamili. Ulaghai mwingine hauhitaji hata kirusi cha kompyuta: ankara huja kwa jina la msambazaji unayemfahamu, ila namba ya akaunti imebadilishwa. Mpigie kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Nayo anwani ya barua pepe ya biashara iwekewe uthibitishaji wa hatua mbili (nywila pamoja na uthibitisho wa pili, kama msimbo wa kwenye simu) kabla ya akaunti nyingine zote, maana anayeiteka anaweza kuomba nywila mpya za huduma nyingine zilizosajiliwa kwayo.

Ikitokea mafaili yameanza kukataa kufunguka, chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi papo hapo, uzitenge pia kompyuta nyingine zinazoshiriki folda na hiyo. Usichomeke diski ya nakala ili kuangalia kama iko salama mpaka kompyuta iwe imefutwa na kuwekewa mfumo upya.