Siku moja maishani mwangu: kutenganisha dalea kwenye mbuga za Kansas

Saa kumi na moja alfajiri. Ni mwishoni mwa Juni. Huku Kansas, Marekani, jua linachomoza kwenye saa kumi na mbili kama nyumbani Kenya, ila kutua kwake ni mpaka karibu saa tatu usiku, kwa hiyo siku ya kazi ni ndefu. Nachemsha chai ya maziwa, nachomeka suruali ndani ya soksi (kupe wa hapa hawana adabu), natia kwenye begi lenzi ya mkononi, rula na mafungu ya vibendera vya plastiki vya rangi mbalimbali.

Nimeajiriwa na shamba linalozalisha mbegu za mimea ya asili. Kazi yangu msimu huu ni kupita mbugani maua yakiwa yamechanua na kuchomeka kibendera kando ya kila mmea wa jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Dalea, ili wavunaji wakija baadaye wajue wanachuma nini. Masuke yakishakauka yote huwa ya kahawia, na hapo hata mzoefu anaweza kuingiza spishi mbili kwenye gunia moja.

Wamarekani huiita mimea hii klova ya mbugani. Ni ya jamii ya kunde, hilo halina ubishi, lakini klova yenyewe ni Trifolium, jenasi moja na ile klova nyeupe ya nyanda za juu za Kenya, Trifolium semipilosum, yenye vijani vitatu vitatu. Jani la dalea lina vijani vitano, saba au zaidi, vilivyopangwa pande mbili za uti. Ligeuze ulitazame kwa chini, utaona vidoa vya tezi. Lisugue kati ya vidole, litanukia.

Saa moja asubuhi. Tumefika Flint Hills, kusini mwa mji wa Manhattan. Huu wa Kansas, si ule wa New York. Chini ya udongo mwembamba kuna mawe ya chokaa yenye matabaka ya gumegume, na ndiyo yaliyoyashinda majembe ya walowezi. Kwingineko mbuga ya nyasi ndefu imegeuzwa mashamba ya mahindi na soya. Ya asili iliyosalia Amerika Kaskazini haifiki asilimia nne, na sehemu kubwa iko hapa. Wenye ranchi huichoma moto majira ya kuchipua. Dalea haijali sana, kwa sababu mzizi wake mkuu unaweza kushuka karibu mita mbili, na shina huchipuka upya.

Saa mbili hadi saa tano. Hapa ndipo kazi ilipo. Niko na kijana mwanafunzi ambaye wazazi wake walihamia Marekani kutoka Bukavu. Kiswahili chake kina ladha ya Kongo na changu cha Nakuru, tunaelewana vizuri tu.

Ya kwanza ni rahisi: Dalea purpurea. Suke zambarau, stameni (viungo vya kiume vya ua) zenye vichwa vya rangi ya machungwa zimechomoza nje, na maua yanafunguka kuanzia chini kwenda juu, kwa hiyo wakati wowote unaona pete moja ya rangi ikipanda suke, chini yake pamekauka, juu yake bado vitumba vya kijivu. Vijani ni vyembamba kama sindano na kingo zimejikunja. Kibendera chekundu, tunaendelea.

Shida inaanza na nyeupe.

"Dada, hii nyeupe ni Dalea candida, si ndiyo?"

"Umejuaje?"

"Rangi."

Rangi ndiyo kitu cha mwisho ninachokiamini. Mara chache purpurea nayo hutoa maua meupe, na hapa Kansas kuna spishi kadhaa zenye maua meupe. Nampa lenzi. Nang'oa ua moja na kumwonyesha kikombe cha sepali kinacholishika kwa chini. Kwa purpurea kikombe hicho kimejaa nywele laini, ndiyo maana vitumba vyake vinaonekana vya kijivu. Hiki cha leo ni kitupu, mbavu zake zinahesabika, nywele zipo kwenye ncha za meno tu. Vijani navyo ni vipana na bapa. Basi si purpurea iliyopauka. Lakini candida bado haijathibitika, maana tuko kwenye ukingo wa mawe, na ukingo wa mawe hupendwa na Dalea multiflora, ambayo nayo kikombe chake hakina nywele.

Kati ya hizo mbili, tazama umbo la suke, tena usitazame moja. Suke changa la candida huwa fupi na linaweza kukudanganya. Tafuta lililokwisha kuchanua kwenye mmea huohuo: la candida limerefuka, limekuwa silinda. La multiflora hubaki mviringo, upana na urefu karibu sawa, na vichwa vyake ni vingi, vimetawanyika juu ya mmea wenye matawi mengi. Kisha tazama vitumba: kwa candida, vijani vidogo vilivyo chini ya kila ua vina ncha kali inayojitokeza nje, hata suke changa linachoma kidogo ukilipapasa.

Kijana anapapasa, anahesabu vichwa, anainama tena. "Haina ncha. Na vyote ni mviringo."

"Basi?"

"Multiflora, dada."

Kibendera cha manjano. Mteremkoni, penye udongo mzito zaidi, tunapata candida wenyewe, mirefu, imeanza kumaliza maua wakati purpurea iko katikati. Hutangulia kidogo kila mwaka. Kibendera cha bluu.

Saa sita. Jua limekuwa jua. Tunakula chapati na maharage kivulini mwa gari.

Saa nane mchana. Ofisini, mbele ya sampuli zilizobanwa na kukaushwa. Mtu ametuletea furushi kutoka ardhi ya mchanga, na moja naitambua kabla ya kuvaa miwani: Dalea villosa, mmea mzima umefunikwa nywele za fedha, vijani vingi vidogo. Nyingine ni Dalea enneandra, yenye stameni tisa na maua yaliyoachana kwenye suke badala ya kubanana. Hii haihitaji mjadala.

Sampuli za zamani zina lebo ya Petalostemon, jina la zamani la jenasi ya baadhi ya mimea hii. Mtaalamu wa mimea Michaux aliitenga jenasi hiyo mwaka 1803, kwa sababu petali nne zinashikana na stameni na mtu akitazama harakaharaka hajui kipi ni kipi. Mwaka 1977 mtaalamu mwingine, Rupert Barneby, aliirudisha ndani ya Dalea. Nadhani alifanya sawa, ingawa lebo zimeniongezea kazi.

Saa kumi jioni. Naingiza kwenye jedwali vipimo nilivyorekodi kwenye simu. Bosi anapita, anauliza kwa nini nyeupe zina rangi mbili za vibendera wakati kwenye katalogi ni bidhaa moja. Namweleza: candida inafika mpaka Kanada, multiflora ni ya kusini, Kansas kushuka Oklahoma na Texas. Mteja wa Minnesota anayetaka kurudisha mbuga ya kwao akiuziwa multiflora, amepanda mgeni. Anakuna kidevu. Anasema magunia mawili ni gharama mara mbili.

Namwambia basi tuvune mteremko tu, ukingo wa mawe tuuache.

"Ukingo wote?"

Ukingo wote, isipokuwa apate mteja wa Oklahoma. Ameondoka akiwa na simu sikioni, anatafuta mteja wa Oklahoma.