Siku moja maishani mwangu: karani wa ngwini, Tabata

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko macho, kuwahi bafu. Nyumba yetu ina wapangaji watano, bafu moja na mita ya umeme moja. Ukizubaa unaoga saa tatu. Naoga, nabandika chai, natoka kuchukua maandazi kwa Mama Zai anayekaanga barazani. Kila asubuhi ananiuliza swali lile lile: "Ndege wako wameamkaje?" Namjibu wazima. Yeye angalau anauliza. Wapo wengine hapa uani wanaoamini nawaibia Wazungu.

Siwalaumu sana. Mtu anashinda ndani mchana kutwa, mlango umerudishwa, anaongea Kiingereza na kompyuta, halafu mwisho wa mwezi kodi anatoa. Utamdhania nini? Kaka yangu akiulizwa ninafanya kazi gani husema ninauza kuku wa baharini kwa simu.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna kituo huko Cape Town, Afrika Kusini, kinachookoa ngwini, wale ndege wa baharini wasioruka angani: walioumia, wenye njaa, waliopakwa mafuta ya meli. Wanaopona wanarudishwa baharini. Wale ambao hawawezi kurudi wanabaki kituoni hadi mwisho wa maisha yao, na ngwini akitunzwa vizuri anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Chakula na dawa zao vinalipiwa na watu waliojiandikisha kuwafadhili. Mimi ndiye ninayewaandikia watu hao. Nawatumia cheti, picha na habari za ndege wao, nawakumbusha michango, na lawama nazipokea mimi. Karani wa ndege ambao sijawahi kumwona hata mmoja kwa macho yangu. (Kamusi inasema ngwini. Uani kwetu ni pengwini, na Mama Zai anasema "wale wenye suti".)

Saa mbili hadi saa tatu na nusu ni barua pepe. Desemba watu wananunuliana ufadhili kama zawadi ya Krismasi, kwa hiyo ni vyeti, vyeti, vyeti, na jina la shangazi wa mtu limekosewa herufi.

Saa tatu na nusu inaingia taarifa ya asubuhi kutoka Cape Town, ambako saa yao iko moja nyuma ya yetu. Hapa ndipo ninapoipenda kazi. Nani amekula dagaa wangapi, nani amegoma, nani kamng'ata mhudumu. Nasema dagaa kwa mazoea, lakini ni samaki wakubwa kidogo, wanatoka kwenye barafu, wanayeyushwa, kidonge cha vitamini kinafichwa mashavuni, halafu samaki anaingia mzima, kichwa kwanza, ili magamba na mapezi yasimkwaruze ndege koo. Wahudumu mikono yao ina makovu hadi kwenye viwiko. Ngwini ana mdomo kama wembe na hana shukrani hata chembe. Hamjui mfadhili wake wala hana habari naye.

Ndiyo maana nina sheria yangu. Zipo barua za aina hii duniani kote zinazoanza "Habari, mimi ni fulani, nakupenda sana rafiki yangu," kama vile ndege ameshika kalamu. Mimi siandiki hivyo. Naandika alichokula, alivyolala, anaumwa nini. Nilikuwa najisifu kwamba kwenye barua zangu hakuna neno la uongo. Subirini.

Saa tano na robo simu ikaita. Namba ya hapa hapa. Nikajua ni Mzee wa Mbezi Beach, mfadhili wangu pekee Dar es Salaam nzima. Mjukuu wake alipelekwa ufukwe wa Boulders huko Simon's Town, akawaona ngwini wakitembea mchangani, akarudi nyumbani hana hadithi nyingine. Babu akamfadhilia mmoja kwa siku yake ya kuzaliwa. Ndege anaitwa Thandi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndiwe binti wa ngwini?"

"Ndiye mimi."

"Mmenibadilishia ndege."

Picha niliyomtumia wiki iliyopita alikuwa ameichapisha, ameiweka mezani pembeni ya cheti, analinganisha. Kwenye cheti ndege ananawiri, mweusi na mweupe, anang'aa kama kiatu cha harusi. Kwenye picha mpya kuna kitu kimefura, manyoya yananing'inia hovyo. "Huyu," alisema, "ni mto wa sufi uliopasuka."

Nikamweleza. Mara moja kwa mwaka ngwini anabadilisha manyoya yote kwa mpigo, mapya yanayasukuma ya zamani. Inachukua kama wiki tatu. Wiki hizo maji yanapenya mpaka kwenye ngozi, kwa hiyo aliye porini haingii baharini kabisa, na asipoingia baharini hali. Anajinenepesha kwanza, halafu anasimama tu ufukweni amenuna. Wengine wakati unawafika vifaranga bado wadogo, wanawaacha. Ndiyo maana mwisho wa mwaka kituo kinajaa vifaranga wa kulisha kwa mkono.

"Mimi nina kuku," Mzee akasema. "Wananyonyoka. Hawafiki huku."

Hapo hapo feni ikasimama. Kompyuta yangu betri yake ilishakufa zamani, nayo ikazima. LUKU imeisha. Zamu ya kununua ilikuwa ya Baba Junior, na Baba Junior yuko barabarani na bodaboda yake, hapokei. Desemba, bati juu, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Jasho likaanza kunitiririka mgongoni na Mzee ananiuliza na risiti iko wapi, maana yeye analipa peke yake ndege mzima.

Nikamwambia halipi peke yake. Thandi ana wafadhili wengi, michango inaingia kwenye chungu kimoja. "Ni kama hapa kwetu mzee, mita moja ya umeme, wapangaji watano."

"Mimi nina mita yangu."

Sikuwa na jibu. Nikamwambia basi tuhesabu madoa. Kila ngwini wa Afrika ana madoa meusi kifuani, na mpangilio wake ni wake peke yake, kama alama za vidole kwa binadamu. Akibadilisha manyoya, madoa yanarudi pale pale. Mzee akaenda kutafuta miwani. Nikasikia kanda mbili zikiburuzwa, mlango, mtu akiulizwa miwani iko wapi, mtu akijibu iko kichwani. Mimi nimeshika simu yenye kioo kilichopasuka, nakuza picha kwa vidole viwili huku namsikiliza kwa spika.

"Cheti, sita," alisema. "Picha mpya, saba."

Nikahesabu. Sita. Akahesabu. Saba. Tukaenda moja moja, la kwanza chini ya mkanda mweusi kushoto, la pili, la tatu lenye umbo la punje ya mchele, mpaka tukafika la saba, akanyamaza, akasema kwa sauti ndogo: "Hili limefutika. Wino."

Nilidhani tumemaliza. Dakika 35 zilikuwa zimekwisha, chaji ya simu imebaki asilimia 20. Lakini akauliza, sasa kwa upole, mafuta yanawafikaje hawa. Nami kwa ujinga wangu nikafurahi kuulizwa, nikampa hadithi ya meli ya Treasure.

Ilizama tarehe 23 Juni 2000, karibu na Cape Town, kati ya kisiwa cha Dassen na kisiwa cha Robben alikofungwa Mandela. Mafuta yakasambaa katikati ya maskani ya ngwini. Walikamatwa kama 19,000 waliochafuka, wakaoshwa mmoja mmoja, maana mafuta yakishika manyoya, maji ya baridi yanaingia, na ndege akijisafisha kwa mdomo anayameza. Kisha kuna wengine kama 19,500 waliokuwa bado safi. Hao walipakiwa kwenye malori wakapelekwa Port Elizabeth, wakaachiwa baharini waogelee kurudi kwao, zaidi ya kilomita 800, ili wakiwa njiani watu wapate muda wa kusafisha mafuta. Watatu walifungwa vyombo vya kufuatiliwa kwa setilaiti: Peter, Pamela na Percy. Peter alifika Robben baada ya wiki mbili na ushei.

Mzee alitulia kabisa. Amefanya kazi bandarini Kurasini miaka mingi; akaniuliza meli ilikuwa imebeba nini, mafuta yalikuwa mazito au mepesi. Nikamjibu nilivyoweza. Kisha akasema:

"Kwa hiyo wale waliachiwa mbali vile wakarudi kwao. Na Thandi atarudi lini?"

"Hatarudi, mzee."

"Umeandika hapa."

"Nimeandika hawezi kurudi."

"Umeandika," na akasoma pole pole kama hakimu, "'hawezi kurudi baharini kwa sasa.' Kwa sasa. Mtoto anahesabu siku kwenye kalenda."

Cheti hicho nilikitafsiri mwenyewe. Vingine vyote ni vya Kiingereza; hiki nilikifanya kwa Kiswahili kwa mapenzi yangu, kwa sababu ni mtoto wa nyumbani. Kwenye Kiingereza hakuna "kwa sasa". Nililiweka mimi, kwa adabu tu, jinsi mtu anavyomwambia mgeni "karibu tena". Sisi ni mabingwa wa kulainisha. Mgonjwa hajafa, "amezidiwa". Deni halilipwi, "tuwasiliane wiki ijayo".

Nikamwambia Mzee ukweli nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha mlango, kutafuta upepo. Thandi alinaswa na uzi wa kuvulia, ukamkata bawa la kushoto, likaoza, ikabidi liondolewe. Ngwini anaruka ndani ya maji. Mabawa ndiyo injini, miguu na mkia ni usukani. Mwenye bawa moja ni mtumbwi wenye kafi moja na mpiga kafi asiyeweza kubadilisha upande. Atazunguka pale pale, hatampata samaki, sili atampata yeye. Kumwachia ni kumuua polepole ili sisi tujisikie vizuri.

"Kwenye picha haonekani hana bawa."

"Mpiga picha alisimama upande mzima." Hilo nalo sikuwa nimelifikiria kabla ya kulitamka.

Kimya. Nikasikia kunguru wa Mbezi na kunguru wa Tabata kwa wakati mmoja.

"Nimwambie nini mtoto?"

Sikusema kitu cha busara. Nilisema nitatuma picha ya upande wa pili, na cheti kipya. Akasema sawa, akakata bila kuaga. Ilikuwa saa sita na dakika ishirini.

Baada ya hapo siku haina saa tena. Nilikula wali maharage kwa Mama Zai nikiwa sina hamu. Nikamsimulia kwamba asubuhi taarifa ilisema ndege mmoja amekufa kwa malaria. Akacheka mpaka akashika meza. Malaria? Ndege? Ndiyo, ya ndege, si hii yetu, lakini mbu ndiye analeta vile vile, na ngwini hana kinga nayo. Akaacha kucheka. "Kwani hawawawekei neti?" Wapo wanaowawekea, nikamwambia. Akatikisa kichwa, akaniongezea maharage bila kunidai.

Huyo aliyekufa ana mfadhili bibi mmoja Scotland. Nilimwandikia kwenye simu, kwa kidole gumba, mara nne. Mara ya kwanza niliandika "ametutoka". Nikafuta. Nikaandika amekufa.

Baba Junior alirudi karibu na magharibi na uniti za shilingi elfu tano, akakuta wapangaji wote tumekaa nje kama msibani. Feni ikaamka. Barua 60 na kitu zilikuwa zinanisubiri, na Uingereza ilikuwa bado mchana. Mtu anataka kujua kama anaweza kuja kumchukua ngwini wake. Mtu anataka kujua kama ngwini wa Afrika anaishi na simba. Mtu mmoja alisoma kwamba Oktoba 2024 ngwini hawa waliwekwa kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, wamebaki chini ya jozi 10,000 zinazozaa, na anauliza basi kuna faida gani kumlisha mwenye bawa moja. Huyo nilimwacha wa mwisho. Nilimjibu kwamba wasiorudi ndio wanaoonekana na watoto wa shule, na wengine vifaranga wao wanarudi baharini. Ni kweli, lakini nilikuwa nimechoka, na nadhani jibu lenyewe ni kwamba Thandi ana njaa kila asubuhi.

Cheti cha Mzee nilikifanya usiku, mgongo unauma, mbu miguuni. Kufuta maneno mawili kulichukua dakika moja. Kutuma picha kulichukua muda zaidi: Thandi upande wa kushoto, mahali pa bawa kuna kovu tu, na madoa sita. Nikatuma, nikazima taa.

Saa nne na nusu simu ikalia. Ujumbe wa sauti kutoka kwa Mzee. Nikadhani anadai pesa zake. Ilikuwa ni sauti ya mtoto: "Dada, babu kasema Thandi ana mkono mmoja. Sasa akitaka kuogelea anashikwa na nani? Halafu nimejua anavyolia." Kisha akalia. Ngwini wa Afrika analia kama punda, sawasawa kabisa, na yule mtoto ana mapafu.

Nilirudia mara tatu, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Mlango ukagongwa. Mama mwenye nyumba, kanga kifuani, tochi mkononi, anamulika chini ya kitanda.

"We mwanangu, humu umeingiza punda?"