Mume Naye Atibiwe

Katika kazi yangu ya uhudumu wa afya ya jamii hapa Likoni, kinachonisumbua zaidi kuhusu kaswende ni mwenzi asiyeambiwa. Dawa yenyewe inajulikana: penisilini ya benzathini, ambayo kwa ugonjwa wa karibuni hutolewa sindano moja ya uniti milioni 2.4, na kwa uliokaa mwilini muda mrefu hutolewa sindano tatu, moja kila wiki.

Kidonda cha kwanza kwa kawaida hakiumi, na hata kisipotibiwa hukauka chenyewe baada ya wiki 3 hadi 6, kwa hiyo mtu aliyemeza vidonge vya kununua mtaani huamini kwamba vimemponya. Baadaye huweza kutoka vipele, pengine hadi viganjani na kwenye nyayo, navyo hupotea vivyo hivyo ilhali bakteria wamo.

Mama mjamzito akipimwa na kudungwa sindano, kisha akarudi kwa mume asiyetibiwa, anaweza kuambukizwa tena kabla ya kujifungua, kwa kuwa kuugua mara moja hakumpi mtu kinga. Na kaswende huua watoto tumboni. Ndiyo maana sikubaliani na wazee wanaomshauri mke anyamaze ili kulinda ndoa. Anayehofia kupigwa awaeleze wauguzi, wamshauri njia salama ya kumfikishia mumewe habari. Ningependa pia somo anayemfunda bi harusi amtajie kipimo cha kaswende kabla ya nikaha.

Baada ya sindano, wenzi wajizuie kufanya ngono kwa siku 7 au zaidi, hadi wote wawili wawe wametibiwa na vidonda vimefunga. Kondomu hupunguza hatari, lakini haifuniki kila kidonda. Homa na maumivu ya kichwa katika saa 24 za mwanzo huweza kutokea bakteria wanapokufa. Mwenye mzio wa penisilini, hasa akiwa mjamzito, aseme mapema, kwa sababu kwa mjamzito hakuna dawa nyingine iliyothibitishwa kumtibu mtoto tumboni.

Kipimo cha haraka huweza kuendelea kuonyesha kaswende hata kwa aliyepona, kwa hiyo mgonjwa aulize tarehe ya kurudi kupimwa damu maabara, ambako huangaliwa kama kiwango cha kingamwili za ugonjwa katika damu kinashuka.