Kesi ya mdogo angu, mpaka mama mkwe akauliza huyo Jamhuri anakaa wapi

Juzi saluni nimemsikia dada mmoja anamshauri mwenzie ambae jicho limevilia damu, eti "anzia baraza la kata kwanza, polisi iwe mwisho". Nikashindwa kuvumilia, rola kichwani, nikamwambia mbele ya watu wote: baraza la usuluhishi ni njia ya kwenda kwenye talaka, sio ya mtu aliyevunjwa mkono! Na sisi hata baada ya kwenda polisi tuliambiwa hivyo hivyo, tukapoteza karibu wiki tatu tunazunguka na barua ya mwenyekiti wa mtaa kama tunatafuta kiwanja.

Mdogo angu alipigwa na mumewe kwa mguu wa stuli, mkono wa kushoto. Usiku ule mume mwenyewe ndo akamkimbiza zahanati, akasimama pembeni yake kama mume mwema, nesi akaandika "ameanguka bafuni". Shikeni hiyo bafuni maana itarudi. Asubuhi akaja kwangu mkono umening'inia, gauni lina damu ya pua, tukaenda polisi Dawati la Jinsia tukapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali (ni bure, msitoe hela), tukapiga eksrei, mfupa umevunjika. Mambo ya maelezo na RB, ile namba ya taarifa yako polisi, kila mtu anayajua nayapita.

Ila hili la gauni lazima niliseme japo najiaibisha. Mi ni mtu wa usafi, watu wa mtaani kwetu wanajua. Mdogo angu kalala, nikachukua lile gauni nikaloweka, nikasugua na limau, nikaanika, jioni linang'aa kama la dukani. Siku ya kuonana na wakili wa serikali, yule anayesimamia mashtaka, akauliza, nguo aliyovaa siku ile ipo? Nikajibu kwa kujidai kabisa, "ipo dada, tena nimeshaifua". Akaweka kalamu mezani. Hakusema neno, akaandika kitu kwenye karatasi, mpaka leo sijui aliandika nini ila najua kilinihusu. Kwahiyo nyie mkipatwa, nguo muiache na uchafu wake, ikauke, iwekwe kwenye mfuko wa kaki apewe mpelelezi.

Huyu wakili nilimdharau mwanzo. Msichana mdogo, sauti ya chini, viatu vya chini, nikasema hapa tumepigwa, wenzetu watakuja na wakili mwenye tai. Kumbe. Jalada lilikuja kwake limeandikwa shambulio la kudhuru mwili, yeye akaangalia ile eksrei akalirudisha kwa mpelelezi likaongezewe maelezo ya daktari, likarudi limekuwa kusababisha madhara makubwa, ambayo kifungo chake kinafika miaka 7. Pia shemeji alipopewa dhamana, yeye ndo alisimama akaomba mahakama imwekee sharti asimsogelee mdogo angu wala asitume mtu. Nilikuwa sijui kama hilo linaombwa.

Sasa shughuli ilianza nje ya mahakama. Ukoo wa shemeji ukaanza kumiminika. Mara sukari kilo tano, mara doti ya khanga, mara mjomba kutoka Tanga ambae hata kwenye harusi hakuja. Watoto watakula nini, utamfunga baba wa watoto wako, sisi tutamkanya wenyewe. Mdogo angu akalegea. Siku moja naambiwa kaondoka asubuhi kaenda kufuta kesi, nikapanda boda nikamkuta ofisini kwa yule wakili anasema nimemsamehe, naomba iishe.

Nilitaka nimpasue mdomo, na hapo ndo nikaona akili ya yule msichana. Hakumgombeza. Akamuuliza tu, "Umekuja na nani?" Kimya. Akauliza tena. Kumbe shemeji mdogo yupo getini kwenye pikipiki anamsubiri! Akamfunulia hati ya mashtaka akamwambia soma hapa juu, imeandikwa nani dhidi ya nani? Mdogo angu akasoma, Jamhuri dhidi ya fulani. Akamwambia, "Jina lako liko wapi? Wewe ni shahidi. Kesi ni ya Jamhuri, yaani serikali, mwenye uwezo wa kuiondoa ni DPP, mkurugenzi wa mashtaka, sio wewe wala mjomba. Na mke akiumizwa na mumewe sheria inaruhusu aitwe kutoa ushahidi hata kama hapendi. Nenda nyumbani, kaa siku kumi, ukiwa bado unataka hivyo uje peke yako." Akatupitisha mlango wa nyuma, yule wa pikipiki sijui alisubiri mpaka saa ngapi.

Nilivyosikia mara ya kwanza nikaona ni ukatili, yani mtu hana hata haki ya kusamehe? Usiku nikiwa nachambua mchele ndo ikaniingia. Mdogo angu alikuwa anaandamwa kwasababu wanaamini ufunguo anao yeye, na kumbe hana! Nikamkalisha nikamfundisha sentensi moja tu, akija yeyote asibishane, asilie, aseme hivi: "Mimi nimeshasamehe, ila kesi ni ya Jamhuri."

Ndugu zangu ile sentensi ilifanya kazi kuliko polisi. Mjomba wa Tanga alikaa nusu saa akaondoka hata chai hakumaliza. Mama mkwe akaja, tukamwambia kwa heshima zote, mama sisi hatuna neno, mwenye kesi ni Jamhuri. Mama wa watu akafikiria, akauliza, "Sasa huyo Jamhuri anakaa wapi tumfuate?" Nilikimbilia jikoni nikajiziba na kanga. Siku kumi zikapita, mdogo angu hakurudi kufuta kitu.

Kingine kilichotumaliza ni nauli. Tulikuwa tunakwenda kila tarehe, kumbe tarehe nyingine ni ya kutajwa tu, shahidi hahitajiki, mnakaa kwenye benchi masaa matatu mnasikia "imeahirishwa". Ulizeni kabisa, ni ya kutajwa au ya kusikilizwa? Sisi tumeungua laki na kitu hivi hivi, sijahesabu chapati na soda.

Siku ya ushahidi yule wakili alituweka ofisini kwake tusikae korido moja na wale watu. Akamwambia mdogo angu angalia mheshimiwa hakimu, usimwangalie mumeo, na usichokijua sema sijui. Alivyoanza kumuuliza, swali la tatu tu akaileta bafuni mwenyewe! Nilikuwa sijaingia, shahidi anasubiri nje, ila mdogo angu kanisimulia zaidi ya mara kumi. "Zahanati uliwaambia umepata nini?" Nimeanguka bafuni. "Wakati unasema hivyo nani alikuwa pembeni yako?" Mume wangu. "Umbali gani?" Alinishika bega. Basi wakili wa shemeji, yule wa tai, alivyosimama na ile karatasi yake ya zahanati kama kapata dhahabu, hakimu kashasikia yote. Akaishia kuikunja.

Mimi zamu yangu sikung'ara. Nilianza kwenye uchumba wao, nikaeleza posa, nikafika kwenye mahari bado haijamaliziwa, hakimu akaniambia mama, eleza ulichoona asubuhi ile. Nikaeleza, dakika nne nikatoka, nywele nilisuka bure. Mpangaji wa chumba cha jirani ilibidi apelekewe samansi maana alikuwa anakwepa, ila alivyofika alisema vizuri kuliko mimi. Daktari akaleta PF3, ikapokelewa, akaisoma yote kwa sauti.

Shemeji akakutwa na hatia, akapata kifungo na kuamriwa amlipe mdogo angu fidia. Mkono umeunga ila ndoo ya lita ishirini bado hanyanyui. Talaka ndo tunaifuatilia sasa, na huko ndiko baraza tumeanzia, kwa mpangilio wake. Fidia haijaingia hata mia, na mama mkwe jumapili kapiga simu, anaomba tumfikishie Jamhuri kwamba wapewe muda.