Miaka Miwili ya Kanali Randrianirina

Kanali Michael Randrianirina aliapishwa mjini Antananarivo kuwa rais wa mpito wa Madagaska tarehe 17 Oktoba 2025, siku chache baada ya Rais Andry Rajoelina kuikimbia nchi, na akaahidi kwamba uchaguzi utafanyika katika muda usiozidi miaka miwili. Vijana wa Madagaska walioingia barabarani tangu tarehe 25 Septemba kudai maji na umeme walishangilia, na sina neno baya juu ya furaha yao, kwani wenzao waliuawa katika vurugu zile. Ahadi yenyewe, hata hivyo, siiamini. Nchi hiyohiyo iliwahi kupewa ahadi ya muda uleule, na aliyeitoa ni mtu huyuhuyu ambaye sasa ameondolewa.

Mwezi Machi 2009 Rajoelina, aliyekuwa meya wa Antananarivo, alikabidhiwa madaraka na wanajeshi akiwa na umri wa miaka 34, baada ya maandamano ya wiki kadhaa yaliyomng'oa Rais Marc Ravalomanana. Kikosi cha jeshi kiitwacho CAPSAT, ambacho uasi wake uliamua mambo wakati ule, ndicho kilichoasi tena mwaka 2025. Rajoelina aliahidi uchaguzi ndani ya miezi 24. Wamalagasi walikuja kupiga kura ya kumchagua rais tarehe 25 Oktoba 2013.

Kinachonisumbua zaidi ni namna muda huo ulivyoyeyuka, kwa sababu kila mara palikuwa na tarehe nyingine mezani. Mwaka 2009 pande zinazohasimiana zilikubaliana kugawana madaraka, kwanza Maputo na kisha Addis Ababa, lakini kabla mwaka haujaisha Rajoelina akayapa kisogo makubaliano hayo. Ukatangazwa uchaguzi wa bunge wa Machi 2010, nao haukufanyika. Kura iliyofanyika ni ile ya maoni ya tarehe 17 Novemba 2010, iliyopitisha katiba mpya na kushusha umri wa chini wa mgombea urais kutoka miaka 40 hadi 35, wakati Rajoelina mwenyewe akiwa na miaka 36. Serikali iliyodaiwa kuwa haiko tayari kwa uchaguzi wa rais iliweza kuchapa karatasi za kura, kusambaza masanduku katika kisiwa chote na kuhesabu kura, ilimradi jambo lenyewe lilimfaa aliyekaa madarakani. Ndiyo maana nikisikia kiongozi wa mpito akilalamikia ukosefu wa fedha au ubovu wa daftari la wapigakura, huuliza kwanza ni nani anayenufaika na ucheleweshaji huo.

Sisi Watanzania tuna sehemu yetu katika habari hii. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ambayo chombo chake cha siasa, ulinzi na usalama kiliongozwa wakati huo na Rais Jakaya Kikwete, iliwabana mahasimu wote wawili wasigombee, na baada ya vikao vya Dar es Salaam Ravalomanana alikubali mwezi Desemba 2012, kisha Rajoelina akakubali Januari 2013. Mwezi Mei jina la Rajoelina likaonekana katika orodha ya wagombea, baada ya mke wa Ravalomanana naye kuruhusiwa kugombea. Uchaguzi uliopangwa kufanyika Julai ukasogezwa, na mwezi Agosti mahakama ya uchaguzi ikawaondoa wote wawili. Naamini kwamba bila shinikizo la nje na misaada iliyozuiwa hata Oktoba 2013 isingefika na uchaguzi.

Kanali huyu anaweza kuwa mtu mwema kuliko aliyemtangulia, nami ningefurahi kuthibitishiwa hivyo. Lakini tarehe inayotangazwa na mtu mwenye uwezo wa kuibadilisha peke yake hainitoshi. Mkataba wa Afrika kuhusu Demokrasia, Uchaguzi na Utawala wa mwaka 2007 unawazuia waliotwaa madaraka kinyume cha katiba kugombea katika uchaguzi wa kurejesha utawala wa kidemokrasia, na sharti hilo linapaswa kuingizwa katika sheria za mpito za Madagaska kwa maneno yasiyo na mwanya. SADC inapaswa kulidai sasa, wakati serikali mpya bado inahitaji kutambuliwa na majirani, kwa kuwa Rajoelina alipokubali kutogombea alikuwa ameshakaa Ikulu karibu miaka minne.